Kuomba Chuo Sasa au Kurudia Mtihani Kwanza

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Kwa mhitimu wa Matembwe, wilayani Njombe, ambaye alama zake hazikufika alipotarajia, swali huwa moja: aombe chuo kwa alama alizonazo, au asubiri mwaka, arudie mtihani, kisha aombe kozi aliyoitamani tangu mwanzo? Wengi hulijibu ndani ya wiki ya kwanza, uchungu ukiwa bado mbichi, na jibu linalotoka siku hizo mara nyingi ni la kukata tamaa au la kujipa moyo kupita kiasi.

Kalenda ya elimu nchini haidai jibu mapema hivyo. Dirisha la kwanza la udahili wa vyuo vikuu hufunguliwa Julai, mara baada ya matokeo, na kufungwa Agosti. La pili hufuata kuelekea Septemba. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, yaani wale wanaorudia mtihani nje ya mfumo wa shule, nao umekuwa ukianza Julai 1 na kuendelea hadi Septemba 30 kwa ajili ya mtihani wa Mei inayofuata. Ada yake kwa miaka ya karibuni ni shilingi 50,000, na anayechelewa hulipa shilingi 65,000 mwezi Oktoba. Kwa hiyo mhitimu anaweza kuomba chuo Julai, akasubiri majibu ya awamu ya kwanza, na bado akawahi kujisajili kurudia mtihani. Tarehe ya kuamua si siku ya matokeo. Ni mwisho wa Septemba, na mpaka kufika hapo inafaa njia zote mbili ziwe zimeshughulikiwa. Anayeacha kuomba kwa kuwa tu ana nia ya kurudia hupoteza nafasi ambayo hakuna aliyemlazimisha kuipoteza.

Ushauri unaosomwa mitandaoni kuhusu kuchelewesha maombi hadi alama zipande mara nyingi umeandikwa kwa ajili ya Marekani. Huko mtihani wa SAT hufanyika mara kadhaa kwa mwaka na kijana anaweza kuurudia baada ya miezi michache. Mtihani wa kidato cha sita wa Tanzania ni mmoja kwa mwaka, mwezi Mei. Kusubiri hapa maana yake ni mwaka mzima, na mwaka mzima una gharama zake.

Hatua ya kwanza ni kuyasoma matokeo inavyopaswa, kwa sababu karatasi ileile husomwa kwa vipimo viwili vinavyokwenda kinyume. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huipa A pointi 1, B pointi 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Pointi za masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa, na zikiwa chache ndivyo daraja linavyokuwa bora: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huhesabu kwa kupanda: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa mhitimu wa kidato cha sita wa miaka hii ni ufaulu wa alama A hadi E, ambao wanafunzi huuita prinsipo, katika masomo mawili yanayohusika na kozi, yenye jumla isiyopungua pointi 4.

Tofauti hiyo ya vipimo huwapoteza watu wengi. Wachukuliwe wahitimu wawili wa tahasusi ya HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza. Mmoja ana D ya Historia, D ya Jiografia na F ya Kiingereza. Mwingine ana D, E na S. Kwa hesabu ya NECTA wote wawili wana pointi 15, daraja la tatu, na kijijini watahesabiwa kuwa wamefaulu sawasawa. Pengine wa pili ataonekana afadhali kwa kuwa hana F hata moja. Kwa hesabu ya udahili, wa kwanza ana pointi 4 katika masomo mawili na anaweza kuomba shahada yoyote inayokubali Historia na Jiografia. Wa pili ana pointi 3 na hajafika. Wa kwanza akiambiwa na ndugu arudie mtihani kwa sababu ya ile F, anaweza kupoteza mwaka bila sababu. Wa pili akituma maombi ya shahada kwenye vyuo vitano, atatumia fedha za ada ya maombi kutafuta nafasi ambayo sifa zake haziruhusu.

Kufikia kiwango cha chini hakutoshi kila mahali. Kila kozi ina masharti yake katika mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka, na kozi zenye waombaji wengi huchukua wenye alama za juu kwanza. Mwenye C ya Biolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia ana daraja la pili. Anaweza kusomea ualimu wa Biolojia na Kemia, kwa mfano katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichopo Iringa, au kozi nyingine kadhaa za sayansi. Udaktari wa binadamu unadai ufaulu wa masomo yote matatu, na E ya Fizikia haitoshi. Kwa huyu swali la kurudia lina maana, na linahusu somo moja tu: E igeuke D, alama zipande kutoka arobaini na kitu hadi hamsini au zaidi. Hapa ndipo uamuzi unapoanza kuwa mwepesi, maana "nataka kuboresha matokeo" imekuwa lengo lenye jina la somo na alama inayotakiwa.

Kabla ya kujisajili, mhitimu, akiwa na mzazi au mwalimu anayemfahamu, anatakiwa ajibu jambo ambalo watu hawapendi kulijibu: kwa nini alama ilishuka? Kama mtihani wa majaribio wa mkoa ulimpa C na wa taifa ukampa E kwa sababu aliugua wiki ya mtihani, au alifiwa, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba akirudia atapanda. Kama shule ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia, atapanda iwapo safari hii atampata mwalimu. Akijifungia chumbani na madaftari yaleyale, hakuna kitakachobadilika. Na kama mitihani yote ya kidato cha tano na cha sita ilionyesha alama zilezile, matokeo ya taifa hayakuwa bahati mbaya. Yalikuwa kipimo cha kweli cha alipofika, na kurudia bila kubadili namna ya kusoma huleta karatasi inayofanana na ya kwanza. Kuna pia wale ambao tatizo lao lilikuwa tahasusi yenyewe. Kijana aliyesukumwa na wazazi kusoma PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, huku akili na mapenzi yake yako kwenye uchumi hapaswi kutumia mwaka wa tatu kwenye Fizikia ya kidato cha sita.

Mtahiniwa wa kujitegemea huingia kwenye mtihani akiwa na upungufu ambao mwanafunzi wa shule hana. Hana alama za maendeleo ya darasani zinazobeba sehemu ya matokeo yake; karatasi za Mei ndizo zinazobeba kila kitu. Kwa masomo ya sayansi kuna mtihani wa vitendo, na vitendo vinataka maabara, kemikali na mtu wa kuelekeza. Anayerudia Kemia akiwa Matembwe anapaswa kujua kabla ya Septemba 30 ni shule gani itamruhusu kutumia maabara, iwe upande wa Lupembe, Njombe mjini au Makambako, na kwa siku zipi. Kuomba ruhusa hiyo Machi ni kuchelewa.

Kuna jambo jingine la wilaya hii. Miezi ya kusomea mtihani wa Mei, kuanzia Oktoba, ndiyo miezi ya kilimo. Novemba na Desemba watu wako mashambani wakipanda mahindi, kisha palizi, kisha viazi, na mvua haikatiki. Kijana aliyebaki nyumbani "kujisomea" huonekana kama mikono iliyopatikana bure, na kwa msichana kazi za shamba huongezewa za nyumbani na za kulea. Wazazi hawana nia mbaya. Kazi ipo na inatakiwa kufanyika. Ndiyo maana mapatano yafanywe mapema na kwa uwazi: saa ngapi za siku ni za kusoma, nani atachukua kazi zake katika saa hizo, na kama kuna uwezekano wa kukaa kwa ndugu Njombe au Makambako karibu na kituo cha masomo ya ziada kuanzia Januari. Familia isiyoweza kukubaliana juu ya hayo haijawa tayari kwa mwaka wa kurudia, hata kama ada ya mtihani ipo mkononi.

Upande wa pili ni maombi yenyewe. Tangu 2017 waombaji hutuma maombi moja kwa moja kwenye vyuo kupitia mifumo ya mtandaoni ya vyuo hivyo. Anayepata nafasi zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, ndani ya siku zilizotangazwa, kwa namba maalumu inayotumwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Hapo pana hatari ambayo wakazi wa vijijini wanaifahamu. Kijana hushuka Njombe mjini kwa barabara ya Lupembe, huingia steshenari, na kijana wa steshenari humjazia fomu kwa haraka akiweka namba ya simu na barua pepe yake mwenyewe ili kazi isonge. Wiki kadhaa baadaye namba ya kuthibitisha huingia kwenye simu ambayo mwombaji hana. Muda ukipita bila kuthibitisha, nafasi hupotea. Mwombaji ahakikishe namba iliyoandikwa ni yake au ya mzazi, laini imesajiliwa na inapatikana hewani, na nywila ya akaunti yake imeandikwa kwenye daftari linalobaki nyumbani.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Mafunzo hayo ya miezi mitatu kwa wahitimu wa kidato cha sita yalirejeshwa 2013, na kwa kawaida kipindi chake hugongana na matokeo na dirisha la udahili. Kijana akiwa kambini, mtu wa nyumbani ndiye anayebaki na kazi ya kuomba. Kabla hajaondoka, amwachie mtu anayemwamini namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na cha sita, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, na orodha ya kozi alizozipanga kwa matokeo mazuri, ya wastani na mabaya. Orodha hiyo ya ngazi tatu ikiandikwa Mei, akili ikiwa imetulia, husaidia kuliko mashauriano ya simu ya dakika mbili Julai.

Mkopo wa elimu ya juu huingia kwenye hesabu hii kwa namna ambayo mara nyingi husahaulika. Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hufungua maombi katikati ya mwaka, wakati mwingine hata kabla matokeo hayajatoka. Miongozo yake ya miaka ya karibuni humtaka mwombaji awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano na asizidi umri wa miaka 35. Mwaka mmoja wa kurudia hauna madhara kwenye masharti hayo. Anayerudia mara mbili, akakaa mwaka mwingine akitafuta ada, anaanza kuukaribia ukingo. Vyeti vya kuzaliwa, na vya vifo kwa waliofiwa na wazazi, huhitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huo hauna sababu ya kusubiri uamuzi wa kurudia au kutorudia. Ufanyike mapema kwa vyovyote vile.

Swali linaloulizwa sana ni kama inawezekana kuingia chuo Oktoba na papo hapo kujisajili kurudia mtihani Mei, ili matokeo yakipanda mtu ahamie kozi nyingine. Hakuna kinachomzuia mtu kujisajili, lakini njia hii inafaa wachache. Muhula wa pili wa chuo na mtihani wa Mei hugombania miezi ileile, na wanaojaribu mara nyingi huishia na matokeo hafifu pande zote mbili. Fedha za mkopo alizopokea zinabaki kuwa deni lake hata akiacha kozi. Na anayeondoka bila kufuta udahili wake kwa utaratibu wa chuo huacha jina lake kwenye orodha ya wanafunzi, jambo linaloweza kumkwamisha anapoomba upya. Njia hii inafaa zaidi kwa anayerudia somo moja, ambaye alikosa alama chache, na ambaye chuo chake hakiko mbali na kituo cha mtihani.

Kwa ambaye hajafikia pointi 4, kurudia siyo njia pekee. Mwenye angalau prinsipo moja na S moja anaweza kuingia stashahada katika vyuo vinavyosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, na akimaliza na wastani wa GPA usiopungua 3.0 anastahili kuomba shahada. Safari huwa ndefu zaidi, ila mwisho wa stashahada mtu ana taaluma mkononi: mtaalamu wa kilimo aliyetoka Uyole, fundi sanifu, au mhasibu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina programu ya msingi ya mwaka mmoja kwa wenye angalau pointi 1.5 katika masomo mawili. Anayefikisha GPA ya 3.0 katika programu hiyo, kwa masharti ya alama za masomo husika, hufunguliwa mlango wa shahada. Huo ni mwaka mmoja, sawa na mwaka wa kurudia, lakini alama zake hukusanywa kwa kazi ya mwaka badala ya karatasi za wiki chache. Kwa mtu anayetetemeka kwenye chumba cha mtihani, tofauti hiyo ni kubwa. Mhitimu yule wa D, E na S mwenye pointi 3 anapaswa kuziweka njia hizi tatu mezani kwa pamoja: kurudia Jiografia peke yake ili E iwe D, programu ya msingi, au stashahada. Ikiwa alikosa D kwa uzembe wa mwezi mmoja, kurudia ni nafuu kwa fedha na ni haraka. Ikiwa Jiografia ilimshinda miaka miwili, stashahada ni salama zaidi.

Fedha ya familia nayo ipimwe kwa ukweli wake. Katika vijiji vya Njombe akiba ya elimu mara nyingi imesimama shambani kama miti ya mbao, na mwaka unaongeza thamani ya miti hiyo. Familia iliyo na mipaina ambayo haijakomaa hupata bei mbaya ikilazimika kuiuza ikiwa michanga ili kulipa ada ya Oktoba. Kwa familia kama hiyo, mwaka wa kurudia uliopangwa vizuri unaweza kuwa na faida mbili. Kwa familia inayoishi kwa malipo ya kuchuma chai ya Lupembe mwezi kwa mwezi, mwaka wa kusubiri hauongezi chochote, na nafasi ya chuo yenye mkopo iliyopatikana sasa ni bora kuliko ahadi ya kozi nzuri zaidi mwakani.

Anayeamua kurudia ahifadhi vyeti vyake vya kwanza vizuri. Kurudia kunampa namba nyingine ya mtihani, na wakati wa kuomba chuo atatakiwa kuonyesha namba zote mbili, ile ya shule na ile ya kituo cha kujitegemea. Majina yawe yaleyale herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne na cha kuzaliwa. Jina la kati lililoongezwa au herufi iliyobadilika huzaa safari za ofisini na viapo vya kisheria wakati wenzake wameshaanza masomo.

Kwa waliomaliza kidato cha nne hesabu ni ileile kwa mpangilio mwingine wa miezi, na muda wao ni mfupi zaidi. Mtihani ni Novemba, matokeo hutoka Januari, na usajili wa kurudia umekuwa ukianza Januari 1 na kufungwa mwisho wa Februari, kisha Machi kwa faini. Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano hutoka miezi kadhaa baadaye, hivyo wao hawawezi kuona majibu kwanza ndipo wajisajili. Kipimo chao kiwe idadi ya C. Mwenye C tatu au zaidi katika masomo yanayounda tahasusi asubiri uchaguzi wa serikali au atafute shule binafsi. Mwenye C mbili ambaye somo la tatu lina D, na ambaye walimu wanaamini angeweza zaidi, ajisajili Februari kurudia somo hilo na mengine mawili yanayokaribiana nalo. Mwenye D nne zikiwemo za Biolojia, Kemia na Fizikia ana sifa za kuomba kozi za afya kama utabibu, na Ilembula, wilaya jirani ya Wanging'ombe, kuna chuo cha afya cha hospitali ya Kilutheri. Kwa huyo, kurudia ili kutafuta C za kwenda kidato cha tano kunafaa tu kama anachokitaka kwa kweli ni shahada ya chuo kikuu kupitia kidato cha sita. Kama anachotaka ni kuvaa koti jeupe na kuwahudumia wagonjwa, alama alizonazo zinaruhusu aanze kuomba mwaka huohuo.